Kumpeleka mjukuu Unguja: angalia mwezi kwanza, hoteli baadaye

Dada uliyeuliza kuhusu kumpeleka mjukuu wako wa miaka mitatu na nusu Unguja kwa siku tano mwezi wa Juni, wewe na yeye tu bila wazazi wake, pole na hongera. Nimesoma majibu ya wenzangu, wengi wamekutajia hoteli. Mimi ni bibi wa Morogoro, na nimeshakwenda Unguja na mjukuu wangu wa kiume mara tatu, ya kwanza akiwa na miaka minne kasoro. Nataka nianze na jambo ambalo hakuna aliyeligusa hapa, nalo ni maji.

Ile safari ya kwanza nilichukua nyumba ya wageni Jambiani kwa sababu ya picha. Tulitoka Dar na boti ya asubuhi, tukapata teksi bandarini, saa tano tukawa tumefika. Mtoto alikuwa amevaa kaptula ya kuogelea chini ya suruali tangu nyumbani. Akaivua suruali pale pale uwani, mbio mpaka ufukweni, mimi nyuma na mabegi. Nilipomfikia nilimkuta amesimama. Mbele yetu palikuwa na mchanga wenye maji ya kufika vifundoni, majani, na safu za vijiti vya mashamba ya mwani. Bahari yenyewe ilikuwa mstari mweupe kule mbali kwenye mwamba. Akanigeukia: "Bibi, bahari wameipeleka wapi?" Kisha akalia mpaka usingizi ukamchukua begani kwangu.

Kosa lilikuwa langu. Ilikuwa siku moja baada ya mwezi mpevu, maji ya bamvua, na mimi sikuwa nimeangalia.

Sisi wa bara tunajua kwamba bahari inajaa na kukupwa, lakini hatujui inafanya hivyo kwa saa zake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua: maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti ya mita tatu hadi nne hivi. Katika siku hizo, kwa Unguja, maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa hizo zinasogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Baada ya wiki moja unapata maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala haipandi sana, na kujaa kunakuja asubuhi. Mvuvi yeyote atakuhesabia kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu bila kutazama karatasi. Wewe angalia kalenda, na ratiba za maji ziko mtandaoni pia, zinatolewa bandari kwa bandari.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana siku iliyofuata nilibadili mawazo kabisa. Tuliamka mapema, tukanywa uji, saa tatu tukatembea ndani ya ile "bahari isiyokuwepo". Mtoto wa umri ule hahitaji bahari, anahitaji dimbwi. Maji yanapotoka yanaacha madimbwi ya vuguvugu yenye visamaki vidogo kama kucha, kaa wanaokimbia upande, na viti vya pweza vyekundu, wale wanyama wenye umbo la nyota, vilivyolala chini bila kusogea. Mama mmoja aliyekuwa anafunga mwani kwenye kamba alimwita, akampa kijiti kimoja akamwambia, "Shika hapa, mume wangu, usiachie." Alikishika dakika ishirini nzima. Saa tano tukarudi kivulini, akala, akalala. Alipoamka saa tisa na nusu bahari ilikuwa imerudi mpaka karibu na minazi, akapiga makofi kana kwamba ni yeye aliyeiita.

Kwa hiyo ushauri wangu: ukienda wakati wa bamvua, pwani ya mashariki (Jambiani, Paje, Bwejuu, Matemwe) inafaa sana kwa mtoto mdogo, asubuhi madimbwi, alasiri kuoga. Mvalishe yeboyebo, maana kuna mawe ya matumbawe na wale wanyama weusi wenye miiba kama sindano, na mwiba ukikatikia unyayoni kwa mtoto ni kilio cha siku mbili. Na mkiwa mmekwenda mbali, geukeni kabla maji hayajaanza kurudi. Yanarudi kwa kupitia mabonde ya chini kwanza, unaweza kukuta nyuma yako pameshajaa wakati mbele bado pakavu. Ukitaka sehemu ya kuoga saa yoyote bila kuhesabu, nenda Kendwa au Nungwi, kaskazini, ambako maji hayatoki mbali hivyo. Juni ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, nao unapiga pwani ya mashariki moja kwa moja. Kendwa imejikinga upande wa magharibi. Kwa siku zako tano za Juni, na mtoto wa miaka mitatu na nusu, mimi ningekwenda Kendwa, isipokuwa tarehe ziangukie bamvua.

Chagua sehemu moja ukae hapo. Nimeona mtu amekupangia siku mbili mjini, mbili Nungwi, moja Paje. Huyo hajawahi kufunga na kufungua begi la mtoto mara tatu kwa wiki huku magoti yanamuuma. Mjukuu hakuja kuona kisiwa, amekuja kuwa na wewe. Ukimhamisha kila siku, usiku hajui choo kiko wapi, anaamka analia, na asubuhi wote mmechoka.

Boti. Kati ya Dar na Unguja ni kama saa mbili. Wakati wa kusi mkondo unachafuka, na kwetu kurudi ndiko kulikotutesa, kwa sababu unaelekea upepo unakotoka. Kaeni chini, sehemu ya nyuma au katikati, si mbele. Mpe chakula chepesi saa moja kabla, si chai ya maziwa na maandazi kama nilivyofanya mimi. Dawa ya kichefuchefu usijinunulie dukani kwa kukisia. Mwone daktari au mfamasia akupe kwa uzito wa mtoto. Beba nguo za kubadili kwenye begi la mkononi, zake na zako pia. Na kama hajawahi kupanda chombo kabisa, mpeleke kwanza kisiwa cha Mbudya kwa siku moja kutoka Kunduchi, Dar. Ni safari fupi, na ukiona anaogopa maji au anatapika, umejua mapema ukiwa karibu na nyumbani.

Matembezi msiwe nayo mengi. Kisiwa kidogo cha Changuu kwenye makobe ni lazima, kwa maoni yangu. Wale wakubwa asili yao ni Shelisheli, wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919, na umri wao umeandikwa kwa rangi kwenye magamba. Mjukuu wangu alikuwa ndiyo kwanza ametambua tarakimu, akawa anazunguka kila kobe anasoma kwa sauti. Alipofika kwa mmoja wa zaidi ya mia akaniuliza kama huyo ni bibi yangu mimi.

Lakini kufika huko ni mashua, nusu saa hivi kutoka mjini, na hapa naomba usimame imara. Mara ya kwanza tuliyokwenda, nahodha alikuwa na majaketi ya kuokolea maisha ya watu wazima tu. Nikamvisha mtoto moja, nikakaza kamba zote, kisha nikalishika mabegani nikalivuta juu. Likatoka lote kichwani, yeye akabaki amekaa. Nikasema, samahani baba, leo hatuendi. Abiria wengine walinung'unika kwa sababu nilikuwa nimewachelewesha. Kesho yake tulipata mashua yenye jaketi dogo lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Fanya jaribio hilo la kuvuta mabegani kabla mashua haijaondoka, na likitoka, shuka.

Msitu wa Jozani uko njiani kuelekea Paje na Jambiani, unaweza kusimama saa moja tu kuona kima punju, ambao hawapatikani kwingine ila Zanzibar, na ile njia ya mbao ndani ya mikoko. Bustani ya Forodhani, mjini ufukweni, nenda jioni jua likizama, vijana wanapiga makachu, yaani wanaruka baharini kutoka ukutani. Chakula cha hapo mwonjeshe kidogo. Urojo, ule mchuzi mzito wa Unguja, una pilipili, lakini bokoboko, ngano iliyopondwa na nyama, ni laini na wangu aliomba sahani ya pili. Unga wa uji beba wa kwako.

Jua la saa tano hadi saa tisa muwe kivulini, wote wawili. Ngozi yetu nyeusi haimzuii mtoto kukaukiwa maji. Dafu linasaidia, ila beba pia pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na kipimajoto. Uliza mapema hospitali iliyo karibu na mnapolala ni ipi, na mtafika kwa gari la nani usiku.

Karatasi: cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho chako, kadi ya bima yake kama anayo, na barua fupi yenye saini za wazazi wote wawili inayosema wamekuruhusu kusafiri naye, na kuamua matibabu kama wao hawapatikani kwenye simu. Hii ya mwisho niliipuuza safari ya kwanza. Safari ya pili mtoto alipata homa saa nane usiku, simu ya mama yake imezimwa, na daktari wa zamu akaniuliza swali la haki kabisa: "Wewe ni nani kwake?" Barua nilikuwa nayo kwenye pochi. Nikaifungua mezani, akaisoma, akaanza kumhudumia.

Kwa wazazi wake, kubalianeni saa moja ya kupiga simu kila siku, na isiwe usiku. Mtoto akisikia sauti ya mama saa mbili usiku anaanza kumtaka. Sisi tulikuwa tunapiga baada ya chakula cha mchana, anamweleza kaa aliyemwona, kisha analala.

Ukishapata tarehe kamili ziandike hapa, nitakuhesabia bamvua linaangukia siku gani na maji yatakuwa wapi mkifika.