Maswali ya fundi stika: kisu hakioni picha

Mteja amenitumia nembo ya timu yao kwa WhatsApp. Nikiikata kwa mashine ya kukata stika, kingo zinatoka kama meno ya msumeno. Kisu kimekwisha?

Kisu hakina kosa. JPG ni vidoti tu, na WhatsApp huibana zaidi ikitumwa kama picha. Mwombe aitume upya kama dokumenti, au bora zaidi amtafute aliyeichora na kumwomba faili ya SVG, yaani mchoro wa mistari. Ikishindikana, fungua Inkscape, programu ya kuchorea ambayo ni ya bure, ingia Path, kisha Trace Bitmap. Vidoti vitageuka mistari, na kisu hufuata mistari peke yake. Halafu ifute picha ya awali. Wengi hunasa hapo, kwa sababu mchoro mpya umeilalia picha pale pale na jicho halitofautishi. Mwisho bonyeza Ctrl+L kupunguza nodi, yaani pointi zinazounda mistari. Mara moja tu, nasema! Ukizidisha, simba wa timu atageuka paka.

Nembo yenye vivuli na rangi zinazofifia usihangaike nayo hivyo. Ichore upya juu ya picha, kwa kalamu ya Bézier, ile ya kuchora mistari ya kupinda. Inachosha, lakini ni nafuu kuliko kutupa vinaili, ile plastiki ya stika.

Nimeandika jina la daladala kwa mwandiko wa kuunga. Herufi zimekatika kila zinapokutana.

Wewe unaona neno moja, mashine inaona herufi zilizolaliana. Hakiki kwanza tahajia, maana ukishageuza herufi kuwa mistari huwezi kuandika upya. Kisha, kwenye Inkscape, Object to Path (herufi ziwe mistari), Ungroup (zitengane), na Union (ziungane kuwa umbo moja).

Silhouette Studio ya bure, programu ya mashine yangu ya kukata, inakataa SVG yangu.

Toleo hilo la bure, Basic, haliifungui. Hifadhi kama DXF, aina nyingine ya faili ya mistari, na pima upana kabla ya kukata, kwani vipimo huweza kubadilika njiani.

Maandishi ya fulana yametoka kinyumenyume!

Vinaili ya fulana hulazwa plastiki yake ya kubebea ikiwa chini, kisu kikakata upande wa gundi. Kwa hiyo mchoro lazima ugeuzwe kwanza, kama unavyoonekana kwenye kioo. Stika ya bodi ya gari haigeuzwi, ila ile inayobandikwa ndani ya kioo ili isomwe kutoka nje hugeuzwa pia. Hiyo imewahi kunigharimu.

Fulana yenyewe ivae dukani. Mbele ya kioo inasomeka vizuri.