Mnaoanza kurekebisha kitabu cha fizikia ya tiba, sogeeni hapa

Wadogo zangu, juzi nimeletewa sura ya mionzi, eti imekamilika. Aliyeileta kaiagiza kompyuta itafute rad, kizio cha zamani cha dozi ya mionzi, iweke Gy (gray), kizio cha leo, kitabu kizima, kisha akaenda kunywa chai. Radius ya mshipa wa damu imekuwa Gyius. Kwenye MRI protoni zinazunguka kwa Gy/s badala ya rad/s, yaani radiani kwa sekunde. Na mgonjwa aliyekuwa apewe rad 200, yaani Gy 2, dozi ya kawaida ya siku moja ya tiba ya mionzi, sasa anapewa Gy 200. Tumemuua mtu kwenye swali la 12. Nilicheka, halafu nikachukia, maana si wa kwanza kunifanyia hivi. Basi leo naandika, ili mwakani nisirudie kusema.

1. Vizio vinabadilishwa na mtu, namba moja baada ya nyingine. Rad unagawanya kwa 100 upate Gy, rem (dozi iliyopimwa kwa madhara yake) vilevile kwa 100 upate Sv (sieverti), na mCi (milikuri, kizio cha zamani cha unururifu) unazidisha kwa 37 upate MBq (megabekereli). Ukichoka, lala.

2. Ukigusa jedwali, fuata kila swali linaloishi kwa jedwali hilo. ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, walipobadilisha vigezo vya uzito wa tishu (namba zinazoonyesha kila kiungo kinadhurika na mionzi kiasi gani) mwaka 2007, korodani na ovari zilishuka kutoka 0.20 hadi 0.08, matiti yakapanda kutoka 0.05 hadi 0.12. Kuna mwenzenu alilirekebisha jedwali vizuri kabisa, akaacha majibu ya nyuma ya kitabu yakiwa bado yanaishi mwaka 1990.

3. Jaribu mlinganyo mahali unapoweza kukuumbua. Hapa naongea kwa aibu yangu mwenyewe.

Mnawajua Hodgkin na Huxley, wanasayansi walioandika milinganyo ya umeme wa neva, makala za 1952, neva kubwa ya ngisi. Walipima V, yaani volteji ya utando wa neva, kuanzia hali ya utulivu, na ishara yao ni kinyume cha yetu ya leo: neva ikisisimka, V yao inakwenda hasi. Toleo letu la zamani liliwafuata. Nikapewa kazi ya kugeuza. Ukiitazama ni kazi ya mtoto: penye V weka −V, basi. αn, kasi ya kufunguka kwa milango ya potasiamu, ikatoka safi, 0.01(10 − V)/(e^((10 − V)/10) − 1). βn, kasi ya kufungika kwake, ni fupi, nikaona hii nitaimalizia baadaye, na baadaye nikaamini nimeshaimaliza. Ikabaki 0.125e^(V/80), na ilitakiwa −V/80.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Nilihakiki! Niliweka V = 0, nikapata n ya utulivu, yaani sehemu ya milango iliyo wazi, 0.318, ileile ya toleo la zamani. Nikatia tiki kwa wino mwekundu, na nilijisikia mtu makini kweli. Lakini sifuri haina ishara. Ningeweza kukosea kila V iliyomo kwenye sura ile na bado ningepata 0.318.

Kitabu kikachapwa. Akatuandikia mhadhiri mmoja: darasa lake limetengeneza programu, na neva yao ni goigoi. Nikakaa kukokotoa kwa V = 50. Kwa βn sahihi, n inatulia kwenye 0.86. Kwa βn yangu, 0.64. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba upitishaji wa potasiamu unafuata n kwa kipeo cha nne. Unabaki asilimia 30 tu. Milango inafunguka nusunusu, na neva inachelewa kurudi ilikotoka. Wanafunzi wamekesha wakitafuta kosa kwenye programu zao, mmoja akiwa ameandika alama ya kutoa kwa akili yake, kisha akaifuta kwa sababu kitabu kinasema vingine. Huyo ndiye aliyeniuma. Mkuu wangu wala hakufoka. Aliuliza tu, "Uliijaribu kwa V ngapi?"

Kwa hiyo V chanya, V hasi, na V = 10 pia, ambako αn inakuwa sifuri juu ya sifuri na kompyuta inagoma. Kikomo chake ni 0.1. Kiandikeni kitabuni, msiwaachie watoto wa watu.

4. Tangu 20 Mei 2019, k (namba ya Boltzmann) na e (chaji ya elektroni, si ile e ya kwenye milinganyo hapo juu) zina thamani zilizowekwa hasa, bila shaka ya kipimo. Ondoeni ± kwenye jedwali.

5. Usifute swali katikati ya sura. Wahadhiri wana madaftari ya majibu yenye namba za zamani, na watakulaani kwa lugha zote. Swali bovu, weka jingine palepale. Jipya, liende mwisho.

6. Mpe mtu wa baiolojia asome. Kwenye mlinganyo wa Nernst, unaotoa volteji ya ioni kwenye utando, 58 mV ni ya joto la 20°C. Binadamu mzima ana 37, na kwake ni 61.5. Mwanafizikia hashtuki, muuguzi anashtuka.

Sura ya neva naisubiri Ijumaa. Iwe na grafu ya V kutoka −50 hadi 100, majibu mapya pembeni mwa ya zamani, na jina la aliyekokotoa. Ikija bila hayo, inarudi bila kufunguliwa.