Nguruwe "walioungua", "waliochomwa" au "waliounguzwa"?

SWALI: Natafsiri taarifa ya utafiti kuhusu tiba ya majeraha ya moto. Niliandika: "Watafiti walitumia mifano ya wanyama, wakiwemo nguruwe walioungua." Mhariri wangu kakata "walioungua" akaweka "waliochomwa". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hakuna, ndugu yangu, ila wewe umekaribia zaidi.

Nianze na "waliochomwa", maana hiyo imenichekesha. Andika "nguruwe waliochomwa" uone kama nusu ya wasomaji wako hawataulizia ndizi na pilipili. Kwa panya ndiyo balaa: panya aliyechomwa maabara, kachomwa sindano au kachomwa moto? Mara nyingi ni panya huyohuyo, kwa kuwa hupewa dawa ya usingizi kwanza. Kitenzi hicho kiachie jikoni na zahanati.

"Walioungua" ni Kiswahili safi, lakini kinaficha jambo. Mtoto akivuta sufuria ya uji, ameungua. Nyumba huungua. Ni jambo linalokupata tu, na mtendaji hatajwi. Sasa tazama njia iliyoelezwa na watafiti Walker na Mason mwaka 1968: panya aliyelazwa usingizi hunyolewa mgongo, huwekwa kwenye kifaa chenye uwazi wa kipimo maalumu, kisha sehemu ile tu ya ngozi huzamishwa kwenye maji ya moto kwa sekunde zilizohesabiwa. Kwa nguruwe, mara nyingi hugandamizwa kipande cha chuma kilichopashwa moto. Hapo hakuna ajali. Mnyama ameunguzwa, na mtu aliyemuunguza ana saa mkononi. Herufi mbili tu, z na w, zinamrudisha mtendaji kwenye sentensi.

"Mifano ya wanyama" ("animal models" ya Kiingereza, yaani wanyama wanaotumika utafitini badala ya binadamu) nayo iondoe. Ni swali la darasa la tatu: taja mifano ya wanyama wa porini. Simba, twiga, pundamilia. Ukigeuza iwe "mnyama wa mfano", nguruwe wako atangoja cheti cha nidhamu. Wengine wanaandika "modeli ya mnyama". Kwenye jarida la wataalamu sina ugomvi nayo. Kwa msomaji wa kawaida acha kitenzi kifanye kazi: "Watafiti walichunguza majeraha ya moto kwa kutumia wanyama, wakiwemo nguruwe waliounguzwa ngozi kwa makusudi."

Hukuuliza, lakini utakutana nalo mbele: namna ya kusema jeraha limepona. Taarifa kama hizi hutofautisha wanyama hawa wawili, nawe usiwachanganye kwa neno moja "kupona". Panya ana tabaka jembamba la misuli chini ya ngozi, hivyo kidonda chake hujivuta kingo kwa kingo hadi kikafunga. Ngozi ya nguruwe imeshikamana na mwili kama yetu, na kidonda chake hufunga zaidi kwa ngozi mpya kutambaa juu yake. Ndiyo maana watafiti humpenda nguruwe, ingawa ni ghali kumtunza. Basi andika "kidonda kilijivuta" kwa panya, na "ngozi mpya ilitanda" kwa nguruwe. "Jeraha" litumie siku ya kuunguzwa. Likishaanza kuchukua siku kupona, hata muuguzi wa zamu ataliita kidonda.