Kabla Hujaipelekea Maktaba Programu Yako, Uliza Data Zitatokaje

Msomaji mmoja ameniandikia ujumbe mrefu wiki hii. Amesomea kompyuta, amechoka kutengeneza mifumo ya kuwauzia watu vitu wasivyovihitaji, na sasa anataka kuhamia kwenye maktaba na shule. Wenzake wanamcheka. Anauliza aanzie wapi, na kama kazi hii inalipa. Hilo la pili nalijibu upesi: inalipa kidogo kuliko benki, na mara nyingi malipo yanachelewa. La kwanza ndilo lililonikalisha chini, maana ujumbe wake umenikuta nikiwa bado nimejaa uchungu. Mfumo mpya wa maktaba niliyokuwa nikiihudumia umezinduliwa juzi juzi kwa hotuba na kukata utepe, na mimi nilikaa safu ya nyuma.

Nieleze tulikotoka. Maktaba ile ilikuwa na mfumo ulionunuliwa kwa kampuni moja ambayo sitaitaja. Kwa macho ulipendeza. Leseni yake ililipiwa kila mwaka, na mwaka malipo yalipochelewa, mfumo ukajifunga wenyewe. Wakutubi walifungua kompyuta asubuhi wakakutana na tangazo la kudaiwa. Vitabu vipo rafuni, wasomaji wapo mlangoni, lakini nani kaazima nini hakuna anayejua. Wakarudi kwenye daftari na kalamu. Nilipoitwa, niliiomba kampuni jambo moja tu: tupeni rekodi zetu. Wakatuletea PDF. Kurasa na kurasa za PDF, majina ya vitabu yamekatwa katikati ya mstari, ISBN, ile namba ya kutambulisha kila toleo la kitabu, imegandana na mwaka wa uchapishaji. Nilipouliza kuhusu faili za MARC, nikaambiwa hiyo ni huduma nyingine na ina ankara yake.

Kwa mtu wa TEHAMA asiyewahi kukaa na wakutubi, MARC ni muundo wa kuandika taarifa za kitabu kwa namna ambayo kompyuta ya maktaba yoyote itaisoma. Sehemu ya 245 ni jina la kitabu, 100 ni mwandishi, 020 ni ISBN. Aliyeongoza kazi ya kuubuni, katika miaka ya 1960 kwenye Library of Congress kule Marekani, ni Henriette Avram. Hakuwa mkutubi. Alikuwa mwandishi wa programu, kama wewe uliyeniandikia, na alipofika pale ilimbidi ajifunze kuorodhesha vitabu kuanzia mwanzo. Wanaokucheka waambie habari zake. Zaidi ya nusu karne baadaye maktaba bado zinabadilishana rekodi kwa muundo huo, ilhali mifumo mingapi ya kibiashara imezaliwa na kuzikwa hapo katikati!

Rekodi zetu ziliokolewa na mama mmoja mkutubi aliyekuwa karibu kustaafu. Wakati kompyuta zinaingia, aliagizwa atupe kadi za katalogi, zile za karatasi zilizoorodhesha vitabu. Hakutupa. Alizifungia stoo, droo kwa droo, kwa mpangilio wake. "Mwanangu," aliniambia, "mimi mashine siichukii. Ila sijawahi kuona mashine iliyokaa hapa muda mrefu kuliko hizi droo." Tukawa tunalinganisha kilichotoka kwenye PDF na kilichoandikwa kwenye kadi. Kitabu kinachojulikana tukavuta rekodi yake iliyokwisha andaliwa na maktaba nyingine kubwa, zipo zinazoruhusu hivyo bure. Kisichojulikana, hasa vijitabu vilivyochapishwa na vyama na watu binafsi, mama alikiorodhesha mwenyewe upya. Miezi ya kusafisha rekodi siisimulii, haina ladha.

Tulihamia Koha, programu huria ya kuendesha maktaba. Historia yake inafanana na yetu kiasi cha kunishangaza. Mwaka 1999 maktaba za Horowhenua, New Zealand, zilikuwa na mfumo wa zamani usioweza kusoma tarehe za mwaka 2000. Badala ya kununua mwingine wa kufungiwa, ziliipa kazi kampuni ndogo ya Katipo iwaandikie mfumo unaotumia kivinjari cha kawaida na laini za kawaida za simu. Ulianza kazi Januari 2000, kisha ukatolewa kama programu huria chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Yaani maktaba za vitongoji na miji midogo zililipia kitu, halafu zikakiacha wazi kwa kila anayekuja. Leo kinatumika katika nchi nyingi, na hakuna anayeweza kukufungia kwa sababu ankara imechelewa. Usinielewe vibaya, bure hapa si burebure. Seva inahitaji umeme, nakala rudufu zinahitaji mtu wa kuzihakiki, na wakutubi wanahitaji mafunzo. Fedha zinatoka, ila zinalipa watu, na ukiwachoka unatafuta wengine bila kuacha data zako nyuma.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na utanisamehe nikiurudia. Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu kwa ajili ya umma, uliza data zitatokaje. Zitatoka kwa muundo gani, nani ana ruhusa ya kuzitoa, na je, mtu ambaye hajawahi kukuona ataweza kuzifungua ukiwa hupo? Ukikosa jibu, unachojenga ni gereza lenye rangi nzuri. Muulize hivyo muuzaji mbele ya kamati ya zabuni. Muulize hivyo mfadhili. Jiulize na wewe mwenyewe, maana sisi mafundi ndio wa kwanza kujifanya hatubadilishiki.

Kuna na data ambazo hazipaswi kuwepo kabisa. Mfumo wetu ule wa zamani ulikuwa umetunza kila kitabu alichowahi kuazima kila msomaji tangu siku ulipowashwa, na hakuna aliyewahi kuamua iwe hivyo. Na kilichotunzwa huweza kudaiwa: mwaka 2005 wakutubi wa Connecticut, Marekani, waliletewa barua ya FBI iliyodai taarifa za matumizi ya kompyuta za maktaba, pamoja na amri ya kutomwambia mtu. Wanne kati yao walikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata serikali ikaacha kuwadai. Walikuwa na ujasiri, lakini mfumo usiotunza kitu hauhitaji shujaa. Kwenye Koha kuna mpangilio wa kuondoa jina la msomaji kwenye historia ya uazimaji baada ya kitabu kurudi. Tuliuwasha siku ya kwanza, na yule aliyetaka "takwimu za kila mtu anasoma nini" alinuna.

Vijana wetu wanapenda kuanza na programu ya simu. Wanakuja na michoro, nembo na jina, hata mkutubi hawajamsalimia! Keti kaunta kwanza. Mtazame anayeuliza fomu ya serikali inajazwaje, mwanafunzi ambaye kifurushi chake kimeisha, asiyeona aliyeletwa na nduguye. Washa NVDA, ile programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wa Australia ambao wenyewe hawaoni, ufumbe macho, kisha ujaribu kutafuta kitabu kwenye tovuti uliyoisifia. Shule isiyo na intaneti isikukatishe tamaa pia. Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, ipo tangu 2007, inakuwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili yote kwenye flashi na nafasi ikabaki. Hata hapo swali ni lile lile: ukiondoka, mwalimu ataweza kubadilisha yaliyomo bila kukupigia simu?

Kuhusu uzinduzi. Mgeni rasmi aliwashukuru wafadhili, uongozi, na "wataalamu wetu" kwa ujumla wao. Mama wa droo za kadi hakutajwa, alikuwa ameshastaafu na sidhani kama alialikwa. Mimi nimezoea, au nasema nimezoea. Lakini yeye ilinichoma, na ndiyo maana nimemweka hapa bila jina, kwa sababu hapendi kutajwa.

Sasa wewe uliyeniandikia. Usiache kazi bado. Weka Koha kwenye kompyuta yako mwenyewe, ingiza rekodi za MARC, kisha zitoe na uzisome kwa programu nyingine kabisa. Baada ya hapo jiunge na wanaojitolea kuutafsiri mfumo wenyewe. Utajifunza maneno ya kazi kabla hujabisha hodi maktaba yoyote, na wakutubi wataacha kukuona mgeni. Ukishafanya hayo niandikie tena, si kabla.