Karibu isiishie barazani

Msomaji wa Malindi ameniandikia: "Kaka, nilituma rekebisho langu la kwanza, neno moja tu la tafsiri. Hii wiki ya tatu, hata salamu sijapata. Nimekosea wapi?"

Hujakosea. Makala haya ni ya mwenye mradi, yaani sisi tunaosimamia programu huria, zile ambazo msimbo wake (maandishi ya kuziunda) yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuurekebisha, na kulalama kila siku kwamba hatuna watu. Tunaandika "karibu" kwa herufi kubwa kwenye README (faili la utangulizi wa mradi), kisha mgeni tunamwacha barazani bila hata kikombe cha kahawa.

Jibu la kwanza litoke ndani ya saa 48. Si lazima uwe umekagua. Mwambie umeiona kazi yake na utaipitia siku gani, basi. Siku uitaje.

Mlango nao uwe wazi. Kijana wa Mkomani, Lamu, anayetumia bando la simu hawezi kushusha historia ya mabadiliko ya mradi ya miaka kumi ili arekebishe neno moja. Mwandikie juu kabisa kwenye CONTRIBUTING (faili la maelekezo kwa wachangiaji) atumie amri ya Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo: `git clone --depth 1`, inayoleta hali ya sasa tu. Akija kuitaka historia, `git fetch --unshallow` itamletea. Taja pia vifurushi vya kusakinisha vitamla megabaiti ngapi.

Kisa cha Windows wengi mnakijua: mgeni amebadilisha neno moja, orodha ya tofauti (diff) inaonyesha mistari yote 600 imebadilika, naye anakaripiwa. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja, na kihariri chake kimezigeuza zote. Tiba yake ni ya mwenye mradi: aandike `* text=auto` ndani ya faili la `.gitattributes`, ili Git isawazishe alama hizo yenyewe.

Sasa kazi zenyewe. Wengi hubandika "good first issue", yaani kazi inayomfaa mgeni, kwenye tatizo lililowashinda wao. "Boresha tafsiri ya Kiswahili" si kazi, ni lawama. Kazi ya mgeni itaje faili, mstari, kinachoonekana sasa, kinachotakiwa, na namna ya kujaribu.

Mfano: programu ina ujumbe "%s deleted" (`%s` ni nafasi ya kujazwa jina la kitu), na kwenye `sw.po`, faili la tafsiri ya Kiswahili, umeandikwa "%s imefutwa". Picha imefutwa, sawa. Lakini kitabu imefutwa? Mtumiaji imefutwa? Mtoto wa Langoni atacheka kabla fundi hajaona kosa, na hakuna neno moja la kulitibu ndani ya faili la tafsiri, kwa sababu ngeli hubadilika kila kitu kinapobadilika. Dawa iko kwenye msimbo: kila kitu kipewe sentensi yake nzima. Hapo mgeni aliyekuja kutafsiri umemshika mkono hadi ndani ya msimbo, akiwa na hoja ambayo wewe hukuwa nayo. Sijui kazi ya kwanza iliyo bora kuliko hii.

Atavunja kitu, lazima. Mara nyingi ataifuta `%s` au kuitafsiri. Amri ya kukagua faili la tafsiri, `msgfmt --check`, huikamata, ilimradi ujumbe una alama ya c-format, inayosema una nafasi za kujazwa. Na mwenye Kiamu, lahaja ya Lamu, akiandika "ndia" mahali pa "njia", usimcheke. Mpe faharasa ya mradi inayosema mnatumia neno lipi. Kama faharasa hamna, kosa si lake.

Kwenye ukaguzi tenganisha la lazima na la hiari. Usiiandike upya kazi yake kimyakimya ukaitia jina lako. Ukilazimika kumalizia, weka mwishoni mwa ujumbe wa komiti (badiliko linalohifadhiwa kwenye Git) mstari wa `Co-authored-by:` wenye jina lake na barua pepe ile ile ya akaunti yake. Ikitofautiana, kazi haitaonekana kwenye wasifu wake.

Na wewe wa Malindi, andika leo sentensi moja chini ya rekebisho ulilotuma: "Je, kuna la kurekebisha?" Wakikaa kimya wiki nyingine, leseni inakuruhusu kunakili mradi mzima, ukatia neno lako na kuutumia. Kisha nitumie kiungo, niipitie kazi yako mimi.