Coco Beach, kilo 74: ubao wa 6'10 au wa 7'4?

Mkuu, umeuliza ununue ubao upi wa kuteleza juu ya mawimbi, na nimesoma swali lako mara mbili ili nisikujibu juu juu. Una kilo 74, mwaka mzima umekuwa na ubao wa sponji wa futi 8 pale Coco Beach, Dar, na sasa umeonyeshwa mbao mbili zilizotumika. Mmoja ni 6'10, yaani futi 6 na inchi 10, upana inchi 21, unene 2 5/8, mapezi matatu chini ya mkia. Wa pili ni 7'4, upana 21 3/4, unene 2 7/8, wenye pezi kubwa moja katikati na mawili madogo pembeni. Chukua wa 7'4, mradi upite ukaguzi nitakaoueleza huko chini.

Anza na bahari yenyewe. Mawimbi marefu yanayotoka kusini ya mbali ya Bahari ya Hindi yanakutana na Madagaska kabla ya kutufikia, kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachopata Dar ni mawimbi ya upepo wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba hivi. Yanafuatana kwa karibu, yanaumuka kwa muda mfupi, yanavunjika na kufa. Ubao mfupi unasubiri wimbi lisimame wima ndipo liubebe, na wimbi letu likishasimama wima limebakiza sekunde mbili tatu tu. Ubao wa urefu wa kati, kama huo wa 7'4, unaingia mapema, wimbi likiwa bado kilima kidogo, na hapo ndipo unapata nafasi ya kusimama na kuchagua upande.

Sasa ujazo. Muuzaji akikuambia lita, usikubali tu, piga hesabu mwenyewe. Zidisha urefu kwa upana kwa unene, vyote kwa inchi, gawanya kwa 61, halafu chukua asilimia 57 ya jibu, kwa sababu pua, mkia na kingo vimechongwa. Wa 7'4 ni inchi 88. 88 × 21.75 × 2.875 inakuja kama 5,500, ukigawanya kwa 61 ni 90, asilimia 57 yake ni lita 51. Wa 6'10 kwa hesabu hiyo hiyo unatoa lita 42. Makadirio haya hupishana na ukweli kwa lita 2 au 3, lakini yanatosha kununulia. Kwa mtu anayetoka kwenye sponji, mimi huzidisha kilo zake kwa 0.7, na kilo 74 zinatoa 52. Aliyekwishazoea anaweza kushuka hadi 0.6, yaani lita 44. Huo wa 6'10 uko chini hata ya hapo. Na kumbuka sponji yako ya futi 8 ina lita 70 au zaidi, kwa hiyo hata kwenda 51 utausikia upungufu mabegani wiki za kwanza.

Lita peke yake hazitoshi. Mbao mbili zenye lita sawa zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa kwa sababu ya mpindo, yaani namna tumbo la ubao, upande unaogusa maji, linavyonyanyuka kuelekea puani. Ulaze ubao tumbo juu, weka rula ndefu ya seremala au kipande cha aluminiamu kilichonyooka katikati ya tumbo, kisha pima nafasi kati ya rula na ncha ya pua. Inchi 4 hadi 4.5 ni vizuri kwa maji yetu. Ikipita 5, pua inasukuma maji badala ya kuteleza juu yake, na kwenye wimbi dhaifu huo ni sawa na kuvuta breki. Wengi wanatazama urefu na rangi, mpindo hawaugusi, halafu wanashangaa mbona ubao mrefu hauendi.

Ukaguzi ufanye mchana, si kwa taa ya simu. Gonga mgongo wote, yaani upande unaosimamia, kwa kifundo cha kidole, hasa pale visigino vinapokaa. Sauti ngumu na kavu ni nzuri. Sauti ikibadilika ghafla ikawa ya ndani tupu, bonyeza kwa vidole gumba viwili: ngozi ikiingia na kurudi kama kopo la bati, faiba imebanduka kwenye kiini, na hiyo haizibiki kwa tone la gundi. Rangi ya njano si ugonjwa, ni jua tu. Nyufa nyembamba kuzunguka visanduku vya mapezi, pale yanapochomekwa, ndizo za kuogopa, maana maji huingilia hapo kimya kimya. Weka mdomo juu ya ufa na unyonye taratibu. Ukipata ladha ya chumvi au unyevu, kiini kimekunywa maji.

Uliza kiini ni cha nini. Viko viwili vya kawaida: PU, povu la poliurethani, kizito kidogo, na EPS, lile povu jeupe jepesi kama la kufungashia friji. Jambo hili ni kubwa kwetu kwa sababu mafundi wetu wengi wa faiba ni wa boti, na wamezoea rezini ya polista. Polista inayeyusha EPS. Tundu la ukubwa wa sarafu linageuka pango mbele ya macho yako huku fundi akiendelea kupaka. Ubao wa EPS unatengenezwa kwa rezini ya epoksi tu, wa PU unakubali zote mbili. Usipokuwa na uhakika, sema epoksi. Kabla ya hapo suuza kidonda kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uinamishe ubao tundu likiwa chini, uache kivulini siku kadhaa mpaka uache kutoa unyevu. Ukiziba maji ndani, jua la Dar litayapasha, hewa itatanuka, na kiraka kitainuka. Mbao nyingine za EPS zina skrubu ndogo ya kupumulia mgongoni. Ilegeze ukiwa nchi kavu kwenye joto, ikaze kabla ya kugusa maji. Anayesahau kuikaza anajaza ubao maji kwa siku moja.

Mapezi. Huo wa 7'4 una mfereji mrefu katikati, ambamo pezi kubwa linasogea mbele na nyuma. Kwa urefu huo, likiwa na wenzake wawili wa pembeni wa inchi 3.5, inchi 7 zinatosha. Kanuni ya kale ya inchi moja kwa kila futi ni ya pezi linalosimama peke yake, na ukiifuata bila kufikiri utaweka pezi refu pamoja na madogo, ubao uwe mgumu kugeuka kama lori. Anza pezi likiwa katikati ya mfereji. Ukiona mkia unachepuka, lirudishe nyuma sentimita 1. Ukiona ubao haukubali kona, lisogeze mbele sentimita 1. Mabadiliko ya kiasi hicho yanasikika mguuni papo hapo. Nunua skrubu ya akiba na kisahani chake, kwani kikidondoka mchangani hukipati. Mapezi ya pembeni yanakazwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita wa inchi 3/32. Wa milimita 2.5 hauingii, wa milimita 2 unaingia lakini unateleza na kula kichwa cha skrubu, na hapo umejitafutia kazi ya kuchimba. Kwa Coco chagua mapezi ya plastiki badala ya faiba ngumu: yakigonga mwamba yanapinda au kuvunjika yenyewe, hayang'oi kisanduku.

Mwamba ndio unaonileta kwenye maji. Maji yakipwa Coco unaona jiwe la matumbawe limetanda, na ubao wenye pezi la sentimita 18 hauna kazi pale. Unahitaji maji yaliyojaa. Siku za mwezi mpevu na mwandamo, Dar maji hujaa kama saa 10, alfajiri na jioni, na hukauka kama saa 4. Wakati huo wa bamvua tofauti ya juu na chini inapita mita 3, kwa hiyo ukichelewa kwa muda wa saa mbili umeshakuta mwamba. Zaidi ya hapo, saa 10 jioni ya Jumapili ufukwe umejaa waogeleaji, wengi wao watoto, na ubao unaoponyoka ni hatari kwao kuliko kwako. Mimi napendelea siku ya tatu na ya nne baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Maji yanajaa karibu saa 12 asubuhi, kunapambazuka, kusi bado hajaamka vizuri, na watu ni wachache. Hakikisha kwa jedwali la maji, usitegemee kumbukumbu. Baada ya mvua kubwa ya masika subiri siku mbili, maji ya mitaroni yote yanaishia humo.

Kuupanda kunatofautiana na sponji katika mambo machache, lakini hayo machache ndiyo yanayoangusha watu. Lala mpaka pua iwe juu ya maji kwa upana wa vidole vitatu. Ikichimba, rudi nyuma sentimita 3. Mkia ukizama na ubao ukikokota, sogea mbele. Ukishapata mahali sahihi, weka alama ya maka pen pale kidevu kinapokaa, na kila mara ulalie alama hiyo mpaka mwili ukariri. Piga makasia ya mikono mapema, na wimbi likikuinua usisimame: ongeza mapigo matatu marefu ya mikono kwanza, ukielekeza pua kidogo kushoto au kulia. Mawimbi yetu yanavunjika haraka kwa urefu wote, ukishuka moja kwa moja kuelekea ufukweni umepanda povu.

Simama kwa mwendo mmoja, bila kupiga magoti, maana goti linaweza kubonyeza shimo kwenye faiba ambalo sponji ilikusamehe. Mguu wa mbele uangukie chini ya kifua, wa nyuma karibu na pezi. Wimbi likilegea, usirukeruke kama unavyoona wenye mbao fupi wakifanya kwenye video. Ubao wa lita 51 ukirukiwa, pua inapiga maji na mwendo unakufa. Sogeza mguu wa mbele kiganja kimoja kuelekea puani, tulia, utausikia ubao ukichukua kasi tena. Kwa kona, geuza macho na bega, hamishia uzito nyuma, halafu subiri. Ukingo unachelewa kidogo kushika, ila ukishashika unazunguka mduara mpana na mtamu.

Ukitoka ufukweni kwenda kwenye mawimbi, huwezi kuuzamisha ubao huu chini ya povu, usihangaike. Povu dogo, jiinue kwa mikono ili lipite kwenye nafasi kati ya kifua na ubao. Povu kubwa, shika kingo karibu na pua, pinduka uwe chini na ubao juu, uvute kwako mpaka lipite. Kamba ya mguu iwe ya futi 7 au 8, nene ya milimita 7, na ukaguliwe ule uzi mdogo unaofunga mkiani: ukivuka ukingo unakata faiba kama waya. Ukianguka, anguka bapa, kamwe si kwa kichwa.

Nta, ile ya kupaka mgongoni usiteleze, nunua ya maji ya joto. Bahari yetu iko nyuzi 25 hadi 29, nta ya maji baridi inakuwa uji. Usiuache ubao ndani ya gari juani hata kwa muda wa kunywa dafu. Juu ya keria, mgongo uwe chini, mapezi juu na mbele, na usitumie ile mipira ya tyubu ya bodaboda. Inabana mpaka kingo zinabonyea. Tumia mkanda bapa, na kati yake na ukingo weka taulo au khanga iliyokunjwa mara nne.