Usimfute mkulima kwenye data, badilisha kipimo

Mara ya kwanza nachambua kipato cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma, nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Histogramu, yaani mchoro wa nguzo unaoonyesha kaya ngapi zina kipato kipi, ilijazana kushoto, mkia ukakimbia kulia hadi ukingoni. Huko mkiani zilikaa kaya chache zenye mashamba makubwa upande wa Hombolo. Nikazifuta. Msimamizi wangu alipoona idadi imepungua akaniuliza: "Hawa si uliwakuta shambani ukawahoji mwenyewe? Sasa wamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Kipato, ekari, magunia ya alizeti: vyote haviwezi kushuka chini ya sifuri, ila juu havina dari. Mkia wa kulia ni maumbile yake.

Chukua kaya tatu: laki moja, milioni moja, milioni kumi. Kwa shilingi, ya tatu imeziacha wenzake mbali mno. Kwa logi ya kumi, yaani kumi ipandishwe kwa kipeo gani ili kuipata namba hiyo, zinakuwa 5, 6 na 7, zimepishana sawasawa. Wastani wa kawaida ni milioni 3.7, kiasi ambacho hakuna kaya inayokikaribia. Wastani wa logi ni 6, ukiurudisha kwenye shilingi unapata milioni moja. Huo ni wastani wa kijiometri, na kwenye ripoti uite hivyo hivyo, usimchanganye msomaji.

Je, kila mara ni logi? Hapana. Mwaka 1964 wanatakwimu George Box na David Cox walionyesha namna ya kuziacha data zenyewe zipendekeze kipeo cha kuzipandishia, kiitwacho lamda. Ikiwa 1, data zinabaki na umbo lake, 0.5 ni kipeuo cha pili. 0 ni logi. Kwenye R, programu ya takwimu, kifurushi cha nyongeza kiitwacho car kina amri ya powerTransform inayokadiria lamda. Omba muhtasari wake kwa summary, na tafadhali usiishie kwenye namba ya kwanza. Mimi nilipata 0.13 nikataka kuitumia ilivyo. Nani angemweleza bwana shamba wa Chamwino maana ya kipato kilichopandishwa kwa kipeo cha 0.13? Mipaka yake ya asilimia 95, yaani lamda zinazokubalika na data, ilianzia -0.05 hadi 0.31: sifuri (logi) imo, moja (kuziacha data zilivyo) haimo. Nikachukua logi.

Kisha chora. Amri ya symbox, nayo ya car, huchora data kama visanduku vyenye mstari wa kati (namba ya katikati), kimoja kwa kila kipeo, na kuvipanga pamoja; tafuta kile ambacho mstari wa kati umekaa katikati kweli. Halafu weka michoro ya Q-Q miwili bega kwa bega, kabla na baada; mchoro huu hulinganisha data na msambao wa kawaida (ule wa umbo la kengele), na data zikiufuata hukaa kwenye mstari ulionyooka. Kama unafanya rigresheni, yaani kukadiria kitu kimoja kutokana na vingine, chora mabaki ya modeli (tofauti kati ya kilichopimwa na kilichokadiriwa), maana hayo ndiyo yanayotakiwa kufuata msambao wa kawaida.

Sifuri zina shida yake. Logi ya sifuri haipo. Njia ya wanatakwimu Yeo na Johnson ya mwaka 2000, inayofanana na ya Box na Cox, inazipokea, lakini zikiwa nyingi zitabaki rundo moja kwa kipeo chochote. Hapo mimi hutenganisha maswali: kaya iliuza? Kama iliuza, kiasi gani?

Zile kaya za Hombolo nilizirudisha zote. Kwenye mchoro wa Q-Q wa logi zilikaa mstarini pamoja na wenzake.